Rada Juu ya Gari la Hamali

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchora ndege ndani ya kioo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Skuli ilikuwa imeshanishinda, na nilikuwa natengeneza redio na televisheni katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu, Mji Mkongwe. Siku moja nikaona kwenye simu picha ya ndege ya Vita Vikuu vya Pili. Ilikuwa na injini mbili, imepakwa rangi nyeusi, na puani imeota vyuma kama miba ya samaki aliyekwisha kuliwa. Ilikuwa ndege ya kuwinda ndege nyingine gizani, na vile vyuma vilikuwa antena za rada, miongoni mwa rada za mwanzo kabisa kupandishwa angani. Kila kijana wa mtaa wetu alikuwa na timu yake ya Ulaya ya kufia. Mimi nikapata miba ile.

Nikasoma kila nilichokikuta, kwa Kiingereza changu cha kuokota, na baada ya miezi miwili nikajiona mwanazuoni. Nikanunua kadi kubwa nyeupe nikachora: rubani mbele, na nyuma yake msomaji wa rada, uso ameufukia katika kizibo cha mpira cha kuzuia mwanga mbele ya kioo. Ndani ya kioo, kwa rangi ya kijani, nikachora ndege ya adui. Ilikuwa ndogo, nzuri, ina mabawa, mkia na madirisha. Nikaitundika barazani nje ya nyumba, nikawasomesha wote waliokuja kunywa kahawa.

Kumbe kioo kile hakikuwahi kuonyesha ndege. Kilionyesha mstari wa mwanga na kivimbe juu yake. Rada hutupa wimbi la redio, wimbi hugonga kitu na kurudi, na kivimbe ndio huo mwangwi. Kikiwa kikubwa zaidi upande wa kulia, adui yuko kulia. Kikiwa sawa pande zote mbili, yuko mbele. Kulikuwa na kioo kingine cha juu na chini, kwa mtindo huo huo. Basi. Watu walipanda angani, wakafunikwa uso, wakakodolea macho vivimbe, na maisha ya rubani yalitegemea watakavyovisoma.

Kosa langu nililijua baada ya karibu mwaka mzima. Mtu mwenye akili zake angeishusha ile kadi akanyamaza. Mimi nilizunguka kuomba radhi. Nilikwenda baraza kwa baraza, Malindi, Mkunazini, mpaka Ng'ambo, kwa kuwa nilisikia muuza kahawa ameshaifikisha habari huko. Karibu hakuna aliyekumbuka ndege yangu. Mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, alisikiliza sahihisho langu lote, vivimbe na kila kitu, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye ataendelea na ile yenye madirisha, kwa sababu inafahamika.

Kilichokuwa kimebaki vichwani mwao ni karoti. Nilikuwa nimewasimulia, kwa kupita tu, kwamba wakati ule Waingereza walieneza maneno kuwa marubani wao wanaona gizani kwa sababu wanakula karoti, na kwamba maneno hayo yalisaidia kuificha rada. Barazani hadithi ilikatwa mkia. Ikabaki kuwa karoti zinamwezesha mtu kuona gizani, na kuwa kijana wa redio kathibitisha. Siri ya vita ilikuwa bado inalindwa, na mlinzi wake wa mwisho nilikuwa mimi.

Fedheha ile ilinibadilisha kwa ubaya. Nikaapa sitasema neno lolote bila ya kuwa na uhakika nalo. Nikawa na madaftari matatu: la ninayoyajua, la ninayoyadhani, na la niliyoyasema kimakosa pamoja na nani alikuwepo. La tatu ndilo lililokuwa nene. Nikiulizwa saa, natizama simu na saa ya ukutani, kisha natoa jibu la katikati. Mteja akija kuulizia redio yake namwambia, "Inaonekana kama imepona." Wateja hawapendi redio inayoonekana kama imepona. Wanapenda iliyopona. Wengine wakaanza kupeleka zao Darajani, kwa fundi anayekosea kwa kujiamini.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa skuli moja ya sekondari ya wasichana alileta kipaza sauti cha skuli kitengenezwe. Ni mama mrefu, mchache wa maneno, wa aina inayokufanya ufunge kifungo cha shati bila ya kuambiwa. Aliiona kadi yangu ukutani, ile iliyosahihishwa, akauliza ni nini. Nikamweleza kwa muda wa saa nzima. Hakuondoka. Mwishoni akasema anatafuta mtu wa kuendesha klabu ya sayansi kila Jumamosi. Nikamwambia mapema, nisije nikaonekana mwongo baadaye, kwamba mie sina cheti hata kimoja.

"Cheti nimeshajua huna," alisema. "Mwezi ujao tuna siku ya sayansi. Njoo uwaonyeshe wazazi hiyo rada yako. Wakifahamu, klabu yako. Wasipofahamu, bodi ya skuli itaniuliza nimemtoa wapi fundi redio, na mie sitakuwa na jibu."

Nakiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipoondoka nilifunga mlango nikajiita mwalimu kwa sauti, mara tatu, nisikie linavyokaa. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuitwa hivyo na mtu ambaye si mimi.

Sasa lazima nieleze gari lililobeba rada. Shangazi yangu anakodisha vyombo vya harusi: viti, masinia, masufuria ya biriani. Vichochoro vyetu haviingiliki kwa gari la injini, kwa hiyo vyombo vyote husafiri kwa gari la hamali, lile la mbao la magurudumu mawili. Hamali husukuma kutoka nyuma, na mbele yake viti vya plastiki vimepandana kumpita kichwa. Haoni njia, anaona viti. Anayeona ni shangazi. Yeye hutangulia, au husimama dirishani ghorofani, na humpitisha hamali kwa sauti tu, kona baada ya kona, baina ya watalii, pikipiki na milango ya watu. Sauti ile nimekua nayo. Nilikuwa nikiisikia kama mtu anavyosikia feni.

Hamali wake ni mtu wa bara, makamo, mwenye mabega kama mlango. Nilimwomba gari lake kwa siku moja. Akakubali kwa sharti kwamba gari lake halisukumwi na mtu mwengine. Hivyo nikapata ndege na rubani kwa pamoja.

Rada yenyewe niliitengeneza kwa vile vidude vinavyolia gari inaporudi nyuma. Nilivitoa kwenye gari moja iliyokufa, nikavifunga viwili mbele ya gari la hamali, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nyaya zikaingia katika kasha lenye kioo cha televisheni ya zamani, na juu ya kioo vikatokea vivimbe. Nilikaribia kutoa machozi. Mbele ya kioo nikatia kizibo cha mpira wa ndani wa tairi, ili msomaji asione chochote ila mwanga ule. Msomaji angekaa ndani ya gari, uso ndani ya mpira. Rubani angesukuma, amefungwa kitambaa machoni. Adui angekuwa mwalimu wa fizikia wa skuli, atembee uwanjani na sinia la aluminiamu mgongoni, kwa kuwa sinia linarudisha mwangwi vizuri. Mwalimu yule ana shahada. Alikubali kufungwa sinia kwa sharti la kutopigwa picha.

Siku ikafika. Uwanjani kulitandwa turubai, na chini yake viti vya shangazi, ambaye alikuja mwenyewe kuhakikisha havikaliwi kwa kuinamishwa juu ya miguu miwili. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na akashukuriwa kwa kupoteza muda wake adhimu. Mbele yake paliwekwa meza yenye maua ya plastiki, maji ya chupa na sahani ya halwa. Ilisomwa risala. Ikasomwa nyengine ya kuishukuru ya kwanza. Kisha nikaitwa mimi.

Nilisimama nikaanza kwa mambo ambayo watu hawapaswi kuyafahamu vibaya. Nikasema vidude vyangu vinatumia sauti, lakini rada ya kweli inatumia redio. Nikasema rada za ndege za mwanzo zilisumbuliwa na mwangwi wa ardhi, kiasi kwamba ndege ikiruka chini huona karibu tu, lakini uwanja wa skuli hauna tatizo hilo hasa. Nikasema adui akikaribia mno walimpoteza tena, ikabidi rubani atumie macho yake, lakini leo rubani wetu amefungwa macho, kwa hiyo hapo napo pana kasoro. Nikasema gari la hamali si ndege. Nikasema mwalimu wa fizikia si adui. Nilipomaliza kueleza yasiyokuwa, zilikuwa zimepita dakika ishirini, na wasichana wa safu ya mbele walikuwa wanasinzia kwa zamu.

Nikapanda garini, nikatia uso katika mpira. Hamali akashika mipini.

"Fundi, wapi?"

Niliona kivimbe. Kilikuwa kidogo, kinatetemeka, kama kiko kulia. Huenda alikuwa mwalimu wa fizikia. Huenda ulikuwa mnazi.

"Subiri," nikasema.

"Nasubiri. Wapi?"

"Kuna uwezekano wa kulia."

"Niende kulia?"

"Nimesema uwezekano."

"Fundi," alisema hamali, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka safu ya wazazi, "mie nasukuma gari, sisukumi uwezekano."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikanimaliza. Kivimbe kilikuwa kimeshahama, nami nilikuwa bado nakitafakari kilipokuwa mwanzo. Hamali, ambaye hakuzoea kusimama na gari mikononi, akaanza kwenda polepole kwa akili yake. Mimi nikanyamaza, nikingoja kuwa na uhakika. Na uhakika ulikuja. Kioo chote kilijaa kivimbe kikubwa, kizuri, sawa kulia na kushoto, kitu cha kwanza nilichokuwa na hakika nacho kwa miaka miwili. Nikamwambia mbele, moja kwa moja, asiogope.

Ilikuwa meza ya mgeni rasmi.

Maji yalikwenda kushoto, maua kulia, na halwa ikatulia juu ya kanzu yake, katikati. Wasichana waliozinduka walidhani adui ametunguliwa wakapiga makofi. Mgeni rasmi, kwa mazoea ya kazi, naye akapiga. Mwalimu wa fizikia alikuwa bado anatembea peke yake upande wa pili wa uwanja, karibu na vyoo, na sinia lake mgongoni, akikwepa kwa ustadi mkubwa gari lisilomfuata.

Nilipotoa uso nje ya mpira nilimtafuta mwalimu mkuu. Alikuwa ananitizama kama mtu aliyekwishaanza kutunga barua kichwani. Nikajua klabu imeondoka. Nilikaa pale pale garini.

"We mtoto."

Shangazi alikuwa amesimama ubavuni mwa gari, kiti chake kimoja kilichovunjika mkononi.

"Naam."

"Kivimbe cha kulia kikiwa kikubwa?"

"Anakuwa kulia, lakini inategemea na..."

"Nimekuuliza lakini?"

"Hapana, shangazi."

"Vikiwa sawa?"

"Yuko mbele."

"Akiwa karibu?"

"Kinateremka mstarini, kuja chini."

"Teremka na wewe."

Nikateremka. Akapanda, akakaa kwa utulivu kama aliyezoea kubebwa. Mpira wa tairi aliusogeza kando, akasema hatii uso wake ndani ya kitu kilichotoka kwenye tairi. Akakifunika kichwa chake na kasha pamoja kwa kanga, kama mtu anayejifukiza. Kutoka ndani ya kanga ikatoka ile sauti.

"Haya baba, twende. Twende. Kulia. Kulia hivyo hivyo. Basi. Twende. Kulia tena. Siyo, nimekosea, kushoto. Kushoto. Hapo. Twende."

Niliona mabega ya hamali yakilegea. Gari likatembea mwendo wake wa kawaida, ule wa vichochoroni, bila ya kusita. Mwalimu wa fizikia alipogundua anafuatwa akaongeza mwendo. Shangazi akampoteza, akasema, "Simwoni. Zunguka polepole. Zunguka. Haya, huyu hapa," na gari halikusimama hata mara moja. Wasichana walikuwa wamesimama juu ya viti, jambo ambalo limewahi kumfanya shangazi akusanye viti vyake katikati ya harusi, lakini sasa alikuwa ndani ya kanga, haoni.

"Polepole. Bado. Bado. Kushoto kidogo. Bado. Simama."

Ncha ya gari iligusa sinia, na mlio wake ukasikika mpaka barabarani. Mwalimu wa fizikia, mtu muungwana, alianguka chini bila ya kuombwa.

Mimi nilikuwa nahesabu. Siwezi kujizuia. Shangazi alikosea mara nne katika safari ile moja, mbele ya wazazi, bodi na mgeni rasmi. Kila mara alilitangaza kosa lake, akalisahihisha katika pumzi ile ile, na gari likaendelea. Na mambo haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasoma, nimeyapigia mstari, nimeyaandika katika daftari la ninayoyajua: kwamba msomaji wa rada alitakiwa azungumze bila ya kukatiza, kwa maneno machache, na ajisahihishe papo hapo, kwa maana rubani aliye gizani huweza zaidi kuishi na neno lenye makosa kuliko na kimya. Niliyachukulia kuwa maelezo ya tabia zao. Haikunipitikia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na kwamba imekuwa ikifanywa chini ya dirisha langu tangu nilipozaliwa.

Mgeni rasmi alifunga shughuli kwa hotuba, kanzu ikiwa imefutwa sehemu tu ya halwa. Aliwahimiza wasichana kupenda sayansi na kula karoti. Sijui nani alimwambia.

Baadaye mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi na shangazi. Nilisimama karibu na mlango. Shangazi alikaribishwa kiti, akakigeuza kwanza kukitizama miguu.

"Bodi wamefurahi," alisema mwalimu mkuu. "Wazazi wamefahamu. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza amenieleza vivimbe vyote mwanzo mpaka mwisho." Akamgeukia shangazi. "Lakini bodi wanakutaka wewe, Bi mkubwa. Klabu ni Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi mie nna harusi," alisema shangazi. "Kila Jumamosi pana mtu anaolewa kisiwa hiki."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu mezani.

"Mchukueni huyu," shangazi akasema, bila ya kunitizama. "Yeye anajua kwa nini. Mie najua wapi tu. Ila mmwambie aseme. Hasemi, huyu. Anakaa na neno mpaka linachacha."

Mwalimu mkuu akaichukua kalamu tena, akanigeukia. Akaniuliza kama naweza kuanza Jumamosi ile. Nilihisi majibu yote yakipanga foleni: inategemea, inaonekana, pengine, nitakujulisha.

"Naweza," nikasema. Kisha nikakumbuka kwamba Jumamosi ile nilikuwa nimeahidi kufunga vipaza sauti Jambiani. "Siyo, nimekosea. Jumamosi hii siwezi. Ijayo naweza."

"Ijayo," alisema, akaandika. Hakuonekana kuona kuwa limetokea jambo kubwa. "Basi tutaonana Jumamosi ijayo, mwalimu."

Sasa ni muhula wa pili nafundisha. Siku ya Ijumaa bado nasoma somo mara nne kabla ya kuingia darasani kesho yake. Kilichobadilika ni kimoja: darasani nasema ninachokiona wakati ninapokiona, na nikikosea nasema nimekosea na kuendelea na somo.